Naomba ushauri: nataka kujitengenezea mafuta ya uso ya kupunguza makunyanzi

MamaNasri_Tanga
Habari zenu wadau. Mimi nina miaka 43, watoto watatu, nauza mitumba hapa Tanga mwaka wa kumi na moja sasa na meza yangu haipati kivuli mpaka saa nane jua likishahamia nyuma ya ghorofa. Mwaka huu ndo nimejiona. Juzi mwanangu wa mwisho kanipiga picha nikiwa nacheka, kuja kuitazama pembeni ya macho makunyanzi yamejikusanya kama kanga iliyolaliwa, na kwenye paji kuna mistari mitatu haiondoki hata nikinyamaza. Nililia kidogo, siwafichi.

Nikanunua seramu kwa muuzaji wa mtandaoni, elfu 65, chupa haina hata maelezo ya kilichomo. Wiki ya kwanza uso uling'aa nikafurahi, wiki ya tatu nikisogelea jiko tu mashavu yanawaka moto. Nikaitupa nikasema basi, bora vya asili. Nikafuata video moja, mafuta ya nazi, limau nusu na karafuu za kusaga, unapaka usiku na asubuhi unapaka tena unaenda zako kazini. Siku ya nne nikababuka hapa juu ya shavu la kulia, ganda limetoka limebaki doa jeusi la ukubwa wa shilingi.

Ila sijakata tamaa kwa sababu bibi yangu wa Pangani alijipaka mafuta ya nazi maisha yake yote na amezikwa na uso laini. Naombeni mnaojua kweli, nitumie mafuta gani, kiasi gani, na yanakaa muda gani bila kuharibika? Ngozi yangu ni kavu mashavuni ila pua na kidevu vina mafuta.

asali_mbichi
Pole dada. Limau halina shida mbona, mi natumia mwaka wa pili, wewe ulizidisha tu. Weka matone machache na asali.

mfamasia_Moro
Hapana jamani, hilo la limau tuliache kabisa. Ndimu na limau vina kemikali inaitwa furokumarini, ikikaa kwenye ngozi halafu jua likapiga inaunguza, na pakipona panabaki weusi wa wiki nyingi au hata miezi. Mama Nasri alipaka asubuhi akaenda kusimama juani mpaka saa nane, ndo kilichomtokea hicho. Wewe asali_mbichi labda unapaka usiku na unashinda ndani. Na karafuu nazo zina yujenoli, kali mno kwa ngozi ya uso, na ukisaga nyumbani huwezi kujua umeweka kali kiasi gani.

Hiyo seramu sijaiona siwezi kusema ilikuwa na nini, lakini kitu kinachong'arisha ndani ya wiki moja halafu ngozi ikaanza kuwaka ukikaribia joto, huku kaunta naletewa watu kila mwezi, na mara nyingi mwisho wake ni krimu zenye steroidi kali au hidrokwinoni, ile dawa ya kung'arisha ngozi. Steroidi inafanya ngozi inakuwa nyembamba, yaani unatafuta ujana unapata kinyume chake. Mama usiirudie tena.

Sasa mafuta. Nikwambie ukweli usije ukakatishwa tamaa baadaye, mafuta hayafuti mkunjo uliokwisha kuchimba. Yanachofanya ni kufunga maji yasitoke kwenye ngozi, na ngozi yenye maji inajaa kidogo, ile mistari midogo midogo ya ukavu inalainika na uso unapumzika. Hiyo siyo kazi ndogo kwa mtu wa mashavu makavu kama wewe. Kitu chenye ushahidi kwa mikunjo yenyewe ni tretinoini, hiyo ni dawa, inatolewa na daktari na mjamzito haruhusiwi, huwezi kuitengeneza jikoni.

Mutanu_wa_Kitui
Mimi niko Kitui huku kwa mibuyu, na hatuitumii kwa pipi ya mabuyu peke yake. Mafuta yanakamuliwa kutoka kwa ile mbegu nyeusi ngumu yenyewe, ukishatoa unga wa juu, na lazima mashine, kwa mkono utachoka bure. Ni mepesi, rangi ya dhahabu, yanaingia haraka, hayakai juu ya uso kama nazi. Lakini ni ya kupaka tu dada, usikubali mtu akwambie unywe, yakiwa mabichi yana asidi fulani si nzuri kwa mwili.

bint_unguja
Kweli kabisa, na nazi kwa mtu mwenye pua na kidevu cha mafuta inaziba vitundu, chunusi zitafuata. Nazi ipake mwilini na kwenye nywele. Bibi zetu usoni walikuwa na liwa, kipande cha msandali kinasuguliwa juu ya jiwe na maji ya marashi mpaka kinatoka uji mzito, unapakwa unakauka unaoshwa. Na angalia hekima yake, liwa inasuguliwa ya siku hiyo hiyo, haikuwekwa hata siku moja, sababu ina maji. Nawaona watu wanachanganya mshubiri na mafuta na maji ya waridi wanafungia kwenye chupa mwezi mzima, ile inaota wadudu ambao huwaoni kwa macho. Kitu chenye maji kitengeneze, kipake, kilichobaki mwaga.

mfamasia_Moro
Bint_unguja umenena. Basi Mama Nasri fanya hivi, tusikuchoshe. Nunua mafuta ya ubuyu na mafuta ya ufuta yaliyokamuliwa bila kukaangwa, yale yasiyo na harufu ya mboga. Kijiko cha chai ni mls 5. Vijiko vinne vya ubuyu, viwili vya ufuta, utapata mls 30, halafu toboa kidonge kimoja cha vitamini E kile cha mafuta ukamulie humo, kinachelewesha mafuta kuharibika. Tumia chupa ya kioo ya kahawia, hata ya dawa ya kikohozi, ichemshe na uikaushe mpaka isibaki tone la maji ndani. Andika tarehe kwenye plasta ubandike. Usitengeneze mengi, chupa ndogo ya miezi miwili mitatu inatosha, weka kabatini mbali na jiko, na siku ukisikia harufu ya karanga zilizokaa, mwaga.

Kabla ya usoni paka nyuma ya sikio siku mbili. Halafu uso uoshe usiku, ukiwa bado na unyevu weka matone matatu kiganjani, bonyeza usoni, usisugue. Pua na kidevu ruka. Ukitaka harufu, yale mafuta makali ya kunukia yasizidi matone sita kwa chupa hiyo, ila kwa sasa na hilo doa lako usiweke kabisa.

Dereva_Tunduma
Naomba niseme kama mwanaume msinishangae. Nimeendesha lori Dar Tunduma miaka 19. Uso wangu upande wa kulia, wa dirishani, umezeeka kuliko wa kushoto, mke wangu ndiye aliyeona kwanza, ukiziba nusu ya picha kwa mkono unaona watu wawili. Mafuta sijui, ila jua nalijua.

mfamasia_Moro
Kaka umetoa ushahidi mkubwa. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa picha ya dereva wa lori la mizigo wa miaka 69, kaendesha miaka 28, yeye upande wa kushoto maana kwao usukani uko huko, ngozi imejikunja nusu moja tu. Kioo kinazuia mionzi inayobabua lakini ile inayokunja ngozi inapita. Mama Nasri, pesa uliyotaka kununulia mafuta ya tatu na ya nne nunua losheni ya kuzuia jua, SPF (kile kipimo cha kinga ya jua kwenye chupa) 30 kwenda juu, na mwavuli mkubwa wa meza. Mafuta yoyote ya asili hayakingi jua, na hilo doa bila kinga litachelewa kuondoka.

MamaNasri_Tanga
Wadau nimerudi, wiki ya saba leo. Ubuyu nimeletewa kutoka Dodoma, ufuta nimepata hapa sokoni. Mashavu hayapasuki tena asubuhi, ile mistari ya pembeni ya macho ukinitazama nimenyamaza imepungua kweli, nikicheka ipo. Ya kwenye paji iko vile vile, nimekubali. Doa linafifia, sasa hivi ni kahawia. Mwavuli tumechangishana na jirani yangu wa viatu, unafunika meza zote mbili, na yeye keshaniomba kipimo cha vijiko.

Mama yangu naye anataka chupa yake, ana miaka 68, miguu imekauka. Namtengenezea Jumamosi, ufuta mtupu, harufu ya ubuyu haipendi.