Nani kashafika ile baa ya mbwa Bobby kule Edinburgh?

Mtoto_wa_Makorora:
Wakuu habari za muda huu. Nipo Leeds nasoma, wikiendi ijayo tunapanda Edinburgh na washkaji na kuna mmoja kang'ang'ania lazima tukakae Greyfriars Bobby's Bar, eti ina stori ya mbwa aliyelinda kaburi la bosi wake miaka 14. Mi pombe situmii, na mbwa kwetu Tanga mwisho wake getini. Nikiingia mle nitakula nini, na hiyo stori ni ya kweli au chambo cha watalii?

mzee_wa_baridi:
Ingia tu dogo, mchana familia zinakula kwenye baa za kule na watoto wao, hakuna atakayekushangaa na soda yako. Ila usikae mezani ukingoja mhudumu, utazeeka hapo. Kaunta ndo kila kitu, unaagiza na kulipa hukohuko. Wakiwa na Cullen skink chukua, ni supu nzito ya samaki wa moshi, viazi na maziwa, kwa baridi ile utanishukuru. Haggis ni moyo, maini na mapafu ya kondoo, mutura ya Wakenya ndo ndugu yake wa karibu, ukiwa mtu wa halali ulizia ile ya mboga. Na mbwa utawakuta ndani, baa nyingi za Scotland wanaruhusiwa, wamelala chini ya meza hawana habari na wewe.

Dada Shani:
Stori ina ukweli wake. Jamaa aliitwa John Gray, mlinzi wa usiku wa polisi, kafa kwa TB Februari 1858 kazikwa Greyfriars, makaburi yako nyuma ya hiyo baa. Mzinga wa saa saba mchana ukilia kule Castle, ngome ya Edinburgh, Bobby anatoka mbio kwenda kula mgahawani, halafu huyo anarudi makaburini. 1867 mbwa wote wakatakiwa leseni, yeye hana mwenyewe, basi meya William Chambers akamlipia na kumvalisha kola. Kafa Januari 1872. Nendeni Jumamosi maana mzinga Jumapili haupigwi.

Sikubali_Kirahisi:
Hapo kwenye miaka 14 mi nagoma. Kuna mtafiti wa Cardiff, Jan Bondeson, alisema 2011 kwamba walikuwa mbwa wawili, wa kwanza mzee alikufa wakaleta mwingine kimyakimya kwa sababu watu walishazoea kuja kumwangalia na wenye mgahawa wanauza. Biashara hiyo jamani, mbona hata nyie mnaiona!

Dada Shani:
@Sikubali_Kirahisi hata wakiwa wawili, aliyevalishwa kola yupo, na kola ipo Museum of Edinburgh, Canongate, kuingia bure, imeandikwa 1867. Dogo kaione. Halafu ile sanamu yake hapo nje ya baa msiisugue pua kutafuta bahati, imeshalika mpaka inang'aa, wenyeji wanakereka kweli.

Mtoto_wa_Makorora:
Shukrani wakuu. Hiyo supu ya samaki nimeielewa, haggis nawaachia washkaji.