Mgonjwa amekataa mashine kwa maandishi: kazualti watamsikiliza?

Mlezi_Kondele:
Habari za jioni. Mama wa miaka 74, saratani imesambaa, akili bado timamu. Dawa ya maumivu anaitaka, ila hataki mashine ya kupumulia wala kubonyezwa kifua moyo ukisimama. Yuko Kondele na kitinda mimba wake, wakubwa wawili wako Nairobi. Akizidiwa usiku, afike kazualti hawezi kusema, karatasi yake itasaidia? Iandikweje?

Nesi_wa_Zamu:
Pole kwa kuuguza, dada. Karatasi iliyofungiwa kabatini haisaidii. Asiyepumua hushughulikiwa papo hapo, hakuna anayengoja faili la klinika litafutwe. Kifua hubonyezwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kikishuka sentimita 5 hadi 6, na kwa mwili uliokwisha kudhoofika mbavu huvunjika. Kwa hiyo anayemsindikiza aitoe mlangoni kabla hajaulizwa. Ikae kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho na kadi ya klinika, nakala iwe kwenye faili, na picha yake kwenye simu ya kila mtoto.

Kinachoharibu ni maneno ya jumla. "Sitaki kuteswa" hayamwambii daktari afanye nini. Taja moja moja: kubonyezwa kifua, hapana, mrija wa mashine ya kupumulia kooni, hapana, oksijeni ya puani, ndiyo, maji ya mshipani, ndiyo, mofini, ile dawa kali ya maumivu, ndiyo, hata ikimtia usingizi. Kuongezewa damu na kusafishwa figo, aamue mwenyewe. Kisha andika wazi kwamba magonjwa yanayotibika, kama nimonia au malaria, atibiwe. Hili nalisisitiza sana, kwa sababu mtu aliyechoka saa nane za usiku akiona "hapana" mbili juu ya karatasi anaweza kudhani mgonjwa amekataa kila kitu.

Wakili_Nakuru:
Nyongeza ya sheria. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 kinasema mgonjwa asipoweza kuamua, idhini hutolewa na mtu aliyemteua kwa maandishi. Jamaa wa karibu huingia pale tu ambapo hakuna aliyeteuliwa. Kwa hiyo sentensi yenye uzito kuliko zote ni ile ya uteuzi. Kifungu hichohicho kinaruhusu kutibu bila idhini pale kuchelewa kunapoweza kuua, mradi mgonjwa hakuwa ameikataa huduma hiyo. Ndiyo maana kukataa kwake kuwe kwenye maandishi. Lakini dharura yenyewe pia ni ruhusa, na hospitali iliyo na uwezo ikikosa kutoa huduma ya dharura inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Daktari mwenye shaka atatibu kwanza, na si haki kumlaumu. Kazi yenu ni kumwondolea shaka: jina kamili, namba ya kitambulisho, ugonjwa, tarehe, sahihi au dole gumba, mashahidi wawili wasio warithi, na maneno ya daktari wake wa saratani kwamba alikuwa na akili timamu alipotia sahihi.

Hati ya uwakili ya mambo ya shamba haihusu matibabu. Na msiiite wosia, watu watangoja kuisoma baada ya mazishi.

Mlezi_Kondele:
Asanteni sana. Na kifungua mimba akipinga?

Nesi_wa_Zamu:
Hapo ndipo mambo huharibikia, dada. Anafika alfajiri na basi la Nairobi, anasema "fanyeni kila kitu", na daktari aliye mbele ya familia inayogombana atamsikiliza anayetaka matibabu. Mama aseme mwenyewe sasa, wote wakisikia, hata kwa simu ya video. Mteuliwa awe anayeishi karibu na anayeweza kubaki na neno la mama hata wajomba wakilia. Kila akilazwa, au kila miezi sita, mama aisome tena na kutia sahihi na tarehe mpya, maana karatasi ya miaka miwili huulizwa kama bado ana nia ileile. Namba ya simu ya mteuliwa ikae juu kabisa kwa kalamu nzito, na chini yake namba ya mtu wa pili, kwa kuwa usiku simu huzimika.