Moshi wa asubuhi Arusha: tupige marufuku kuchoma taka Juni hadi Agosti?

Mtoa mada, Ilboru
Wanajamvi, salaam. Kila ikifika Septemba na Oktoba kilio cha mji huu ni vumbi. Upepo ukivuma kutoka pande za Kisongo na Monduli, kola ya shati jeupe haifiki saa sita, na pale soko la Kilombero mitumba inakung'utwa mara mbili kabla mteja hajaigusa. Sibishi. Ila naona vumbi tunalisema sana kwa sababu linaonekana juu ya meza. Mbaya wetu ni moshi wa miezi ya baridi, na huo tunauwasha kwa mikono yetu.

Mwezi wa saba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simama huku kwetu juu utazame mjini. Moshi umelala juu ya Levolosi na Ngarenaro kama shuka, haupandi. Usiku ubavu wa Mlima Meru unapoa, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, inateremka na kutulia chini. Juu yake inabaki hewa yenye joto kidogo, ikawa kama mfuniko wa sufuria. Saa hizohizo mkaa unakolezwa, vifodi, daladala zetu ndogo, vinaunguruma stendi, na jirani anachoma pampasi na chupa za plastiki. Jua linakuja kutoboa mawingu saa nne au tano, watoto wameshatembea humo hadi shule.

Punje kubwa za vumbi nyingi hunaswa puani na kooni. Chembe za moshi, zile zinazoitwa PM2.5, ni ndogo mno kuliko unene wa unywele na hufika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha juu linachopendekeza cha chembe hizo, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo.

Fresno kule Marekani ni mji mkavu ndani ya bonde, na moshi wao hunaswa vivyo hivyo. Kuanzia Novemba hadi mwisho wa Februari mamlaka ya hewa ya bonde lile hutangaza siku ambazo kuwasha kuni majumbani ni marufuku, na asiye na njia nyingine ya kupasha nyumba joto huachwa. Hoja yangu: Juni hadi Agosti, kuanzia jioni hadi saa nne asubuhi, mtu asichome taka. Jiko la kupikia lisiguswe. Mnasemaje?

Mkazi wa Muriet
Kaka, wewe uko Ilboru unatazama kwa juu, sisi dampo ni jirani yetu. Mtaani kwetu gari la taka liliwahi kukata wiki tatu, na ada tulishalipa. Taka za wiki tatu, nzi, mbwa wanachana mifuko. Ulitaka tuzile? Kwanza gari lipite, marufuku baadaye.

Mama lishe, Ngarenaro
Leo mnasema taka, kesho mtasema mkaa. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Nimeupenda. Lakini mtungi wa gesi wa kilo sita kwangu mimi mwenye sufuria ya maharage haumalizi wiki, na hela ya kujaza natakiwa kuitoa yote kwa mpigo. Mkaa nanunua wa kopo.

Boda wa Sakina
Mtoa mada anadharau vumbi maana hajapanda pikipiki hadi Oldonyo Sambu mwezi wa tisa. Kule upande wa kavu wa Meru udongo ni majivu ya volkano, laini kama unga. Wekeni lami za mitaa kwanza, hayo ya moshi tutaongea.

Mdau wa Moshi
Sisi tuna jina, nyie mna wenyewe! Ila hata huku tambarare, mabua yakichomwa baada ya mavuno, jioni macho yanawasha.

Mtoa mada, Ilboru
Mama, shikamoo. Jiko lako halimo kwenye hoja yangu, na mtu akija kuligusa tutakuwa upande mmoja. Wa Muriet, hapo umenibana, nakubali: marufuku isianze katika mtaa ambao gari halipiti. Boda, vumbi la barabarani nalo nakubali linaua kifua, ila lami ya mitaa yote ni mabilioni. Kuacha kuchoma pampasi alfajiri hakuhitaji bajeti.

Mkazi wa Muriet
Hakuhitaji bajeti kwako. Haya, wiki ambayo gari halitapita, mifuko yetu tuilete Ilboru geti lipi?