Mgeni wa kigari na meli iliyotia nanga nje: tenda, gati au boti ya Dar?

Mpokeawageni_Shangani
Assalaam aleikum wakuu. Kuna wazee wanne wanakuja na meli ya utalii. Ratiba inasema meli itatia nanga nje na abiria watashushwa kwa tenda, zile boti ndogo za meli yenyewe. Mmoja anatumia kigari cha umeme (kiti cha magurudumu), mmoja anatembea kwa fremu, mmoja alipata kiharusi upande wa kushoto, wa nne ana magoti mabovu tu. Naona njia tatu: tenda, wabadilishe safari wapate meli inayofunga gati la Malindi hapa Unguja, au wateremke Dar waje kwa boti ya abiria. Ipi bora na kwa nini?

Baharia_Funguni
Wa aleikum salaam. Kwa kigari cha umeme jawabu ni gati. Kigari peke yake mara nyingi huvuka kilo 50, na vikubwa hupita 100. Tenda nyingi ni zile zile boti za kuokolea maisha: mlango ubavuni, vidaraja viwili vitatu vya kushukia ndani, mabenchi, na hakuna pahala pa kukifunga kisitembee. Kampuni nyingi haziruhusu mabaharia kumbeba mtu wala kunyanyua kigari kizito. Meli chache zina lifti ya kukifikisha usawa wa boti. Ulizia kwa jina la meli, usiishie kwenye jina la kampuni, maana meli mbili za kampuni moja hazifanani.

Wa fremu anaweza kwenda na tenda akiwa anamudu hatua chache mwenyewe. Kazi yote iko kwenye mwanya baina ya jukwaa la kushukia la meli na boti. Baharia mmoja anasimama nje, mmoja ndani, na kila mmoja anashikana na mgeni kifundo kwa kifundo cha mkono. Viganja vyenye maji huteleza. Mguu unavuka boti ikiwa imefika juu, pale inapotulia kitambo kidogo kabla ya kushuka, na ni baharia anayesema "sasa". Wanaoumia ni wanaosita: mguu mmoja jukwaani, mmoja botini, boti ikazama chini yao. Fremu itangulie, asivuke nayo mkononi.

Na usifikirie kupeleka fiba (boti ndogo ya plastiki ngumu) ya kukodi ubavuni mwa meli. Kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari zilizoanza 2004 haziachi chombo kusogea hapo bila idhini.

Bamvua_na_Mafu
Nyote mnatazama chombo, tazameni maji. Kwetu hapa bamvua kubwa, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, huwa mita moja hivi. Saa zake pia zinajulikana. Bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Sasa meli hushusha watu asubuhi, kwa hiyo siku ya bamvua mgeni anafika ufukoni maji yamekauka na gati liko juu ya kichwa chake.

Piga hesabu. Daraja la kushukia la mita 12 likiteremka mita 1 ni mteremko wa 1 kwa 12, mtu wa kigari mwenye mikono mizuri anaupanda mwenyewe. Daraja lile lile likiteremka mita 3 ni 1 kwa 4: hapo msukumaji mmoja hawezi, na kigari kinaweza kupinduka kinyumenyume. Boti ya Dar nayo haiepuki hili, kwa sababu daraja lake hupanda na kushuka na maji vilevile.

Tarehe 8 na 9, au 22 na 23 za mwezi mwandamo, mambo hugeuka: asubuhi maji yako juu na hayachezi sana. Kama wazee hawajalipia safari, wachague kwa kalenda ya mwezi.

Fizio_ChakeChake
Naongeza la mwili. Mwenye kiharusi asivutwe hata kidogo kwa mkono wa kushoto wala kunyanyuliwa kwapani. Bega lililopooza hutoka haraka, na mabaharia wa watu hawajui upande upi ni dhaifu mpaka waambiwe. Avalishwe mkanda mpana wa kiunoni wenye vishikio, ashikwe hapo. Akipanda kidaraja atangulize mguu mzima. Akishuka atangulize dhaifu.

Huyo wa kigari cha umeme, ikiwa anaweza kusimama, akiache kigari chake chumbani, ashuke na kigari chepesi cha kukunja, kilo 12 hadi 18. Kabla ya kukipitisha, toa vikanyagio na mto uvitie kwenye mfuko, maana mtu akishika kikanyagio kunyanyua, kinachomoka na kigari kinakwenda na maji. Kishikwe kwenye kiunzi chake. Angalia pia mipira ya vishikio vya nyuma: ikizunguka mkononi, itachomoka wakati wa kunyanyua. Mtu asivushwe akiwa amekikalia.

Mpokeawageni_Shangani
Shukran sana. Asiyeweza kusimama kabisa je? Na Changuu, kile kisiwa cha hapo karibu, wanaitamani wote.

Kijana_wa_Malindi
Asiyesimama, boti ya Dar inamfaa kuliko tenda, kaka. Safari ni saa mbili hivi. Afike bandarini mapema, aombe kupandishwa kabla ya umati, na bei ya wachukuzi ipatanwe kabla hawajagusa kigari. Akae sitaha ya chini, katikati, kuelekea nyuma, hasa miezi ya kusi. Usukani wa kigari cha umeme ufunikwe, maji ya chumvi yakiingia pale kigari kinakwama. Akishafika Malindi, njia ya Mizingani mpaka Forodhani ni tambarare, haifiki kilomita moja. Vichochoro vya ndani vina mashimo na vizingiti, mpange mapema.

Baharia_Funguni
Changuu kwa fiba: wa magoti na wa fremu sawa, maji yakiwa yamejaa ili omo, mbele ya boti, ifike karibu na mchanga. Wa kiharusi, mpaka mumwone anavyopanda ngazi siku hiyo. Wa kigari mwambieni ukweli kabla hajalipa: atabebwa na watu, na ufukweni magurudumu madogo ya mbele yatazama. Kigari kivutwe kinyumenyume, kimelalia yale makubwa ya nyuma.

Jengine. Wakishuka kwa tenda, warudi kabla ya alasiri, upepo haujapanda na foleni ya boti za mwisho haijaanza. Bahari ikichafuka, nahodha anaweza kuzisimamisha tenda wakiwa bado mjini. Kila mmoja awe na dawa zake za usiku na za asubuhi ya pili kwenye mfuko wa mkononi, pamoja na namba ya wakala wa meli iliyoandikwa kwenye karatasi.