Jipu likipona hapa linaota pale, dawa za dukani zimegoma

MamaZai: Wakuu, habari zenu. Mwanangu wa darasa la nne majipu hayamwishi. La paja likikauka, linaota la kwapani. Duka la dawa walinipa ampiclox, niliporudi wakanipa amoksilini. Hili la sasa lina moto na usaha unaonekana. Nimpe ipi iliyo kali zaidi?

Mtu wa Maabara: Pole mama Zai. Ukali si hoja. Majipu mengi huletwa na bakteria stafilokokasi, na penisilini wameizoea tangu miaka ya 1940. Methisilini, dawa ya kuwaua hao walioizoea penisilini, ilikuja 1959. Kufikia 1961 Uingereza wakaonekana bakteria wasioisikia hata hiyo. Wenye jeni (chembe ya urithi) iitwayo mecA, inayowapa usugu huo, amoksilini na ampiclox, ambazo ni za ukoo wa penisilini, kwao ni maji tu. Na usidhani wako wodini pekee: 1999 Marekani iliripoti vifo vya watoto wanne wa Minnesota na North Dakota, wasiokuwa wagonjwa wa hospitali.

Kijana wa Tandika: Kwa hiyo asimpe kitu?

Mtu wa Maabara: Jipu lenye usaha hupasuliwa kwanza, kituoni, si kwa pini nyumbani jamani! Omba usaha uoteshwe maabara, yaani bakteria wake wakuzwe kwenye sahani. Tunaweka vidonge vya karatasi vyenye dawa juu ya sahani ya bakteria. Dawa inayowaweza huacha duara tupu kuizunguka. Daktari anaandika kwa kufuata hapo. Akipata homa au wekundu ukitambaa, msisubiri. Taulo kila mtu na lake.

MamaZai: Mh, taulo anachangia na kaka yake, naye ana kipele shingoni. Asubuhi naenda nao wote.