Ramani ya tunu: mbona kila kitu kimepata alama za juu?

Mdodosaji
Ndugu wanajukwaa, ninachambua majibu ya hojaji ya tunu za maisha niliyoisambaza Morogoro na Mombasa. Ni ile ya mwanasaikolojia Shalom Schwartz ya mwaka 1992, yenye tunu kuu 10 na alama zinazoanzia hasi 1 hadi 7. Wahojiwa wengi wametoa 6 au 7 karibu kila mahali, na nilipofanya uchanganuzi wa vipengele (hesabu inayokusanya pamoja majibu yanayopanda na kushuka kwa pamoja), kipengele cha kwanza kilizoa tunu zote, usalama na raha, utii na uthubutu. Je, nimekosea hesabu, au watu wetu wanathamini kila kitu sawasawa?

Rula na Penseli
Hesabu ni sahihi, ila kipengele hicho cha kwanza si tunu; ni mazoea ya kujibu. Wako wanaogawa alama kwa ukarimu na wako wabahili, na tofauti hiyo hufunika nyingine zote. Ukitaka kulinganisha wastani wa makundi, punguza kwanza wastani wa majibu yote ya kila mhojiwa kutoka katika kila jibu lake: aliyetoa 7 kwa usalama na 5 kwa raha huku wastani wake ukiwa 6 atalingana na aliyetoa 4 na 2 mwenye wastani wa 3, kwa sababu wote wawili wametanguliza usalama.

Kwa ramani yenyewe, yaani mchoro unaoonyesha tunu zipi ziko karibu na zipi ziko mbali, achana na uchanganuzi wa vipengele. Nadharia ya Schwartz inadai kwamba tunu zimekaa katika duara, utii ukipakana na mapokeo na usalama, na kujiamulia kukiwa ng'ambo ya pili, kwa hiyo unahitaji mbinu inayogeuza korelesheni (kiasi ambacho majibu mawili huenda pamoja) kuwa umbali kati ya nukta. Hapo alama ghafi zinatosha, kwani kinachoangaliwa ni jozi ipi iko karibu zaidi kuliko ipi. Usihangaike ramani ya Mombasa ikitoka imepinduka: juu na chini havina maana humo. Izungushe mpaka ifuatane na ya Morogoro, kazi ambayo wanatakwimu wameipa jina la Procrustes, yule wa hadithi za Kigiriki aliyewanyoosha au kuwakata wageni ili watoshe kitandani. (Jina ni onyo pia: ukinyoosha mno, kila ramani itafanana.)

Bibi Takwimu
Naongeza mambo mawili. Kulinganisha wastani wa miji miwili kunadai kwanza kuthibitisha kwamba kila swali linapima kitu kilekile, kwa kiwango kilekile, pande zote mbili. Neno «uhuru» kwa mzee mmoja ni kujiamulia mambo yake, kwa mwingine ni uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, na hakuna hesabu itakayorekebisha hilo baadaye.

La pili, wastani wa jamii usiubandike kwa mtu mmoja mmoja. Geert Hofstede, mtafiti wa tamaduni aliyetumia hojaji za wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, aliziweka Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia katika kundi moja la Afrika Mashariki lenye alama moja. Alama hiyo moja haimwelezi mvuvi wa Lamu wala mkulima wa Gojjam, Ethiopia, na nina shaka kama inazieleza hata nchi zenyewe.

Mdodosaji
Nashukuru. Nimepitia hojaji upya na kweli «uhuru» umetumika katika maswali mawili yenye maana tofauti. Nitayachambua peke yake kabla ya kuchora chochote.