Naomba ushauri: kugawa mabua 201 kwa ncha ya mfupa

Habari zenu wakuu. Natengeneza seti ya mchezo wa mabua ya matete, ule wa wenyeji wa asili wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Nafuata maelezo ya Charlevoix, padre Mfaransa aliyesafiri huko, ya mwaka 1721, Wapotawatomi walipocheza na Wamiami, makabila mawili ya eneo hilo: mabua 201, unene wa bua la ngano, urefu inchi 2 hivi. Yanachanganywa, kisha yanagawanywa kwa mfupa wenye ncha, mafungu ya kumi kumi. Fungu moja linabaki na 11. Atakayelipata ndiye mwenye pointi, hadi 60 au 80.

Shida ni kugawa. Mabua yenye kifundo yananasana, ncha ikiingia inavuta matatu manne kwa pamoja. Nimekata katikati ya pingili tu na kupiga msasa laini, afadhali kidogo. Lakini mabua ya chini ya tete ni manene kuliko ya juu, jicho linadanganyika, fungu lenye mabua tisa linaonekana lina kumi. Hapo lile la 11 halina maana tena, na utamu wote uko hapo.

Je, mnachambuaje unene kwa haraka? Na ncha ya mfupa iwe kali au butu kidogo?